Sanamu ya maji si lazima itoe maji

"Fundi, tunataka sanamu ya maji pale kipilefti. Mama ana mtungi kichwani, maji yanamwagika, chini samaki wawili. Yote ipakwe bluu."

Ombi hilo limenifuata tena wiki iliyopita hapa Iringa. Mteja alipoona nimenyamaza akaongeza kwamba pampu watanunua wenyewe. Pampu ikiungua, linabaki bwawa kavu la kutupia chupa za plastiki. Hilo nimeliona vya kutosha.

Kinachoniuma zaidi ni bluu. Mvua zikikolea, Ruaha Mdogo unaopita mjini kwetu una rangi ya chai ya maziwa, maana umebeba udongo. Anayetaka kuupaka bluu asimame kwanza darajani autazame.

Maji hayana umbo la kwako wewe kuliiga. Umbo lake ni lile yanaloliacha kwenye kitu kingine. Mto Kiwira, kule Rungwe, umepita chini ya mwamba wa volkano ukaacha daraja la asili, Daraja la Mungu. Karibu zaidi ni Isimila, kilomita kama 20 kutoka mjini kwa barabara ya Mbeya. Wageni huenda kuona zana za mawe. Mimi hufuata nguzo. Palikuwa na ziwa zamani, likakauka, mashapo yakabaki, kisha mvua na kijito vikayakata mpaka nguzo zikabaki zimesimama korongoni. Tazama michirizi yake: juu ni myembamba na mingi, ikishuka inakutana, miwili inakuwa mmoja, mmoja unapanuka. Sisi mafundi tunachonga michirizi yenye upana uleule juu hadi chini, kama bati la mgongo. Mpita njia huenda asijue kosa liko wapi, lakini jicho lake linakataa. Nilihangaika miaka na hilo kabla sijaanza kukaa chini ya nguzo zile na daftari.

Na hata tone moja halihitajiki. Mwaka 1995 msanii Mmarekani Maya Lin alitengeneza mawimbi kwenye Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kwa udongo uliooteshwa majani. Ni bahari ya nyasi, watu wanakaa katikati ya mawimbi na kusoma.

Maji ya kweli yatakuja yenyewe, kama mvua. Kwa hiyo: nondo zifunikwe vizuri na zege, kila bapa liwe na mteremko, chini pawe na tundu la kutolea maji. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Ikivimba, inapasua zege kutoka ndani. Ukungu wa kijani ukiota upande wa kivulini, uacheni. Nao ni kazi ya maji.

Kuna jambo moja bado linanishinda. Tangu 1993, mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na natamani kuchonga mto usiokuwepo. Nimefinyanga vielelezo vitatu. Kila anayeingia karakana anaona barabara iliyoharibika. Labda kingo zinatakiwa ziwe ndefu kuliko nilivyothubutu, labda zege si mali ya kazi hii kabisa. Cha tatu nimekifunika kwa gunia bichi, sijakivunja.

Jumamosi nampeleka mteja Isimila, saa kumi jioni, jua likiwa la ubavuni na vivuli vikijaa ndani ya michirizi. Bei tutaongea tukirudi.