Je, parasaikolojia ni sayansi? Jibu la mwalimu wa takwimu

Ninafundisha takwimu na mbinu za utafiti hapa Mwanza, na kila muhula tunapofika kwenye mada ya uwezekano hakosekani mwanafunzi wa kuuliza kama yale ya kuota jambo nalo likatokea, au kuhisi msiba wa ndugu aliyeko Ukerewe kabla simu haijaita, yanaweza kuchunguzwa kisayansi. Swali hilo silidharau. Yanaweza kuchunguzwa, na yamechunguzwa kwa muda mrefu: chama cha watafiti wa mambo hayo kilianzishwa London mwaka 1882, na katika miaka ya 1930 J. B. Rhine wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, akayaingiza maabara kwa jina la parasaikolojia.

Kifaa chake kilikuwa pakiti ya kadi 25 zenye alama tano, yaani duara, msalaba, mawimbi, mraba na nyota, kila alama ikiwa kwenye kadi tano. Anayepimwa hutaja alama ya kadi asiyoiona, na anayebahatisha tu hupatia kadi 5 kwa wastani. Nilikata kadi za aina hiyo kwa karatasi ya manila, nikachora alama kwa kalamu ya wino mzito, kisha nikaona maajabu: kijana aliyeketi karibu na dirisha alipatia 14. Ilinichukua muda kugundua kwamba jua la alasiri lilipopiga kadi, wino ulionekana kwa nyuma. Nilijifariji kidogo nilipokumbuka kwamba baadhi ya kadi za Rhine nazo zililaumiwa kwa kasoro hiyohiyo.

Tukarudia, safari hii kila kadi ikiwa ndani ya bahasha ya kaki. Kati ya wanafunzi 40, binti mmoja alipatia 10 na darasa zima likapiga makofi. Niliwaomba wapige hesabu kwanza. Uwezekano wa mtu kupatia 9 au zaidi kwa kubahatisha ni karibu 5 katika kila 100, kwa hiyo katika darasa la watu 40 tunatarajia wawili hivi wafike hapo bila kipaji chochote. Binti alirudia jaribio, akapatia 4. Wenzake hawakukubali: “Mwalimu, wewe ndiye uliyemkodolea macho, huamini!”

Walikuwa wamefika, bila kujua, kwenye kiini cha mgogoro wenyewe. Wapo wanaparasaikolojia wanaodai kwamba shaka ya mtafiti huweza kuuzima uwezo unaopimwa, na wengine husema kwamba uwezo huo hufifia kadiri jaribio linavyorudiwa. Huenda ni kweli, ila dai linalothibitishwa na kufaulu na kutetewa vilevile na kushindwa halina tena namna ya kukosolewa na matokeo yoyote. Hapo ndipo ninapoona udhaifu wa parasaikolojia, wala si kwenye mada yake, kwa maana mada yoyote inayopimika ni halali kwa sayansi.

Nisiwaonee. Chama chao cha kitaaluma kilipokelewa mwaka 1969 katika shirika kuu la Marekani la kuendeleza sayansi, na mwaka 1974 ni watafiti wa taasisi ya Rhine wenyewe waliomfichua mkurugenzi wao akighushi data. Kwa nidhamu hiyo wanastahili kuitwa wanasayansi. Lakini fani hupimwa pia kwa mavuno, na baada ya zaidi ya karne moja hawajapata hata jaribio moja ambalo watu wasioamini wanalirudia na kupata jibu lilelile kila mara.

Mwaka 2011 mwanasaikolojia Daryl Bem alichapisha, katika jarida linaloheshimika, majaribio tisa yenye washiriki zaidi ya 1,000, akidai kwamba watu huweza kuhisi tukio lijalo. Wengine walipoyarudia baadhi yake hawakuona kitu. Kilichowatia hofu wanasaikolojia ni kwamba Bem alitumia taratibu walizozitumia wao wenyewe kila siku. Kama taratibu hizo zinaweza kuzaa utabiri, basi zimezaa mangapi mengine ya uongo? Kwangu huo ndio mchango mkubwa zaidi wa parasaikolojia hadi sasa, ingawa si ule walioukusudia.

Tangu hapo wameongezeka watafiti wanaosajili mpango wa jaribio kabla ya kuanza, nami nililitumia wazo hilo kwa yule binti. Nilimtaka aandike mapema idadi ya kadi, ngapi akizipatia itahesabika kuwa ushindi, na nani awepo chumbani. Aliandika kadi 25 na ushindi kuanzia 9, na rafiki zake wakaongeza kwa herufi kubwa kwamba mwalimu akae nje. Nikasaini, nikatoka, nikaketi barazani nikilitazama ziwa mpaka waliponiita.

Alipatia 6.