Kuomba nyaraka za polisi kuhusu matukio ya chuki, maana yake nini hasa

Watu wengi wakisikia "kuomba taarifa polisi" akili inaenda kwenye kesi moja kwa moja, yani unaenda kufuatilia jalada la ndugu yako limefika wapi au nani kakamatwa juzi pale Kilombero sokoni. Hapa naongelea kitu kingine kabisa. Naongelea mwananchi wa kawaida kuandika barua akiomba aone karatasi zinazomwelekeza askari afanye nini mtu akija kituoni akasema nimefanyiwa hivi kwa sababu ya dini yangu, au kabila langu, au ulemavu wangu. Hizo karatasi zipo kwa niaba yetu, zimeandikwa kwa hela yetu, na kuna sheria inayosema tunaruhusiwa kuziomba, ila huku kwetu Arusha ni wachache sana wanaojua.

Tuanze na tukio la chuki lenyewe. Ni kitu chochote mtu anafanyiwa au anaambiwa kwa sababu ya alivyo, na sio kwa sababu ya jambo alilofanya. Kinaweza kuwa kosa la jinai kama kupigwa au kuchomewa duka, na kinaweza kuwa kitu ambacho ukikitazama juu juu kinaonekana kidogo tu.

Chukulia mama katoka Ngaramtoni na binti yake mwenye ualbino, wamepanda haisi mpaka stendi ndogo, wakati wa kushuka konda anacheka anasema kwa sauti "leo tumebeba dili humu ndani", abiria wawili watatu wanacheka nae. Kila mtu Tanzania hii anajua hilo neno dili likisemwa mbele ya mtu mwenye ualbino linamaanisha nini, ni kumwambia viungo vyako vina bei, na yule mama anajua watu waliuawa kweli kwa ajili hiyo, hasa kanda ya ziwa kule miaka ya 2007 na 2008 na kuendelea. Anaenda kituoni anatetemeka. Afande kaunta anamuuliza, mama, kakupiga? Hapana afande. Kakuibia? Hapana. Basi afande akiwa mtu mwema anaandika kwenye kitabu "lugha ya matusi", anampa kikaratasi chenye RB namba, mama anaondoka.

Sasa angalia kilichotokea hapo. Kwenye kile kitabu, mstari wa yule mama unafanana kabisa na mstari wa walevi wawili waliotukanana matusi ya nguoni Unga Limited usiku wa jumamosi. Sababu imepotea. Wiki ijayo binti mwingine akitishwa kwenye ruti hiyohiyo hakuna atakayeunganisha, na mwisho wa mwaka mkuu wa kituo akiulizwa je mna tatizo la watu wenye ualbino kutishwa atajibu hatuna, na atakuwa anasema ukweli kutokana na kitabu chake. Mimi simlaumu yule afande, yeye anaandika anachoelekezwa kuandika. Swali ni kaelekezwa nini, na nani kamwelekeza, na imeandikwa wapi. Hiyo ndo sera, na hiyo ndo tunaomba kuiona.

Wenzetu Uingereza hili jambo limewachukua miaka na ni vizuri kujua lilivyokwenda kwa sababu linaonyesha maneno machache kwenye karatasi yanavyoweza kubadilisha kazi ya polisi nchi nzima. Mwaka 1993 kijana mweusi anaitwa Stephen Lawrence aliuawa London akiwa anasubiri basi, polisi wakaiharibu kesi, na uchunguzi ulioongozwa na jaji Macpherson ukatoa ripoti mwaka 1999. Ripoti ile ikapendekeza kwamba tukio la kibaguzi ni tukio lolote ambalo aliyetendewa, au mtu mwingine yeyote, anaona ni la kibaguzi. Yani askari wa kaunta haruhusiwi kuanza kubishana na mlalamikaji kama kweli ilikuwa ubaguzi au la, kazi yake ni kuandika kwanza, kuchunguza kunakuja baadae. Kutoka hapo polisi kule wakawa wanafuatilia sifa tano, asili au rangi, dini, ulemavu, mwelekeo wa kijinsia na utambulisho wa jinsia, na wakawa wanarekodi hata matukio ambayo sio kosa la jinai.

Alafu upande mwingine ukalalamika na wao walikuwa na hoja. Mwaka 2019 askari alikwenda kumtafuta mtu mmoja anaitwa Harry Miller kazini kwake kwa sababu ya alichoandika Twitter, hakushtakiwa kwa kosa lolote lakini ikarekodiwa kama tukio la chuki. Akaenda mahakamani, na Desemba 2021 Mahakama ya Rufani ikasema ule mwongozo wa polisi ulikuwa unaingilia uhuru wa kujieleza kuliko inavyoruhusiwa. Mwaka 2023 serikali ikatoa mwongozo mpya wenye masharti makali zaidi kabla jina la mtu halijaandikwa. Mimi hapo ndo napoona umuhimu wa kuomba nyaraka, maana anayeogopa kutukanwa na anayeogopa kurekodiwa kwa maneno yake tu wote wawili wanahitaji kusoma karatasi ileile. Na kule wanaisoma kwa sababu sheria yao ya mwaka 2000 inamruhusu mtu yeyote kuandika ombi kwa jeshi lolote la polisi la eneo na kujibiwa ndani ya siku 20 za kazi.

Turudi nyumbani. Katiba yetu ibara ya 18 inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha ya wananchi na kwa jamii, na ibara ya 13 inakataza ubaguzi, ikitaja kabila, pahala mtu alipotokea, rangi, dini, jinsia na mengine. Mwaka 2016 Bunge likapitisha Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, hii ni ya Tanzania Bara. Inasema raia anaweza kuomba taarifa iliyoko mikononi mwa taasisi ya umma, na Jeshi la Polisi ni taasisi ya umma kama halmashauri au mamlaka ya maji. Taasisi inatakiwa kukujibu kwa maandishi ndani ya siku 30, na unaweza kutozwa gharama ya kutoa nakala. Mtu asiyejua kuandika au mwenye ulemavu unaomzuia kuandika anaweza kuomba kwa mdomo na afisa akamuandikia.

Sheria hiyohiyo ina orodha ya vitu vinavyozuiliwa, usalama wa taifa, uchunguzi unaoendelea, faragha ya mtu na vingine, na hapa ndipo maombi mengi yanapofia kwa sababu watu wanaomba vibaya. Ukiandika "naomba taarifa za kesi ya yule konda wa haisi" umeomba jalada, umegusa uchunguzi na faragha ya watu, utakataliwa na watakuwa sahihi. Ukiandika "naomba kujua kwanini polisi hawajali watu wenye ualbino" hujaomba nyaraka yoyote, umetoa lawama, na afisa hana karatasi ya kukupa. Lakini ukiomba mwongozo, yani waraka unaowahusu askari wote na wananchi wote, hakuna jina la mtu humo, hakuna uchunguzi unaoharibika, na ni vigumu sana mtu kukuambia kwamba namna ya kujaza kitabu cha kaunta ni siri ya taifa.

Kwahiyo barua yenyewe iwe fupi. Weka anwani yako, tarehe, na namba ya simu, weka na namba ya kitambulisho cha NIDA kwa sababu haki hii ni ya raia, alafu kichwa cha barua kama tulivyozoea:

"YAH: OMBI LA TAARIFA CHINI YA SHERIA YA HAKI YA KUPATA TAARIFA YA MWAKA 2016. Naomba nakala ya mwongozo, waraka au amri yoyote inayotumika sasa, inayoelekeza askari jinsi ya kupokea na kurekodi malalamiko ambapo mlalamikaji anadai ametendewa kwa sababu ya dini, kabila, asili, jinsia au ulemavu, ikiwemo ualbino. Kama hakuna waraka wa aina hiyo, naomba nijulishwe hivyo kwa maandishi. Naomba pia idadi ya malalamiko hayo yaliyorekodiwa mkoa wa Arusha kuanzia Januari 2022 hadi Desemba 2024, bila majina wala taarifa binafsi za mtu yeyote."

Basi. Usiongeze hadithi, usiongeze hasira hata kama unayo. Hasira yako ni ya haki lakini ipeleke kwenye malalamiko, ambayo ni barua nyingine kabisa. Na usiombe "nyaraka zote za miaka yote", kule Uingereza polisi wanaruhusiwa kukataa ombi litakalowachukua zaidi ya masaa 18 ya kazi, huku kwetu ombi pana litakaa tu mezani mpaka mtu alisahau.

Barua unampelekea nani? Hapa fikiria karatasi inakaa wapi. Kanuni za kudumu za jeshi, ambazo askari wenyewe wanaziita PGO, na nyaraka za nchi nzima zinatoka kwa Inspekta Jenerali wa Polisi, makao makuu Dodoma. Takwimu za mkoa ziko kwa kamanda wa polisi wa mkoa, RPC. Kwahiyo ni vizuri kuandika barua mbili, ya mwongozo Dodoma na ya takwimu hapa mkoani, kuliko kumpa OCD, yani mkuu wa polisi wa wilaya, barua moja yenye kila kitu alafu akwambie hili sio la kwangu.

Na ukipeleka kwa mkono toa fotokopi kwanza. Ingia masjala, salimia vizuri, wape barua, kopi yako waigonge muhuri wa kupokelewa na tarehe. Watu wanaona hiyo muhuri ni kitu kidogo lakini zile siku 30 zinahesabiwa kuanzia barua ilipopokelewa na bila muhuri huna cha kuhesabia, unarudi baada ya mwezi unaambiwa barua gani hiyo hatujaiona. Ukituma Dodoma kwa posta tuma kwa rejista na risiti itunze pamoja na kopi.

Majibu yanaweza kuwa ya aina tatu. Wanaweza kukupa waraka, hapo kaa usome taratibu, tafuta kama kuna mahali askari anaambiwa aandike sababu anayoitaja mlalamikaji au inaishia kwenye aina ya kosa tu. Wanaweza kukujibu kwamba waraka wa namna hiyo haupo. Wengi wakipata hili wanakata tamaa na mimi nawasihi wasikate, hilo ni jibu kubwa sana, maana sasa una barua yenye nembo na saini inayosema askari wa kaunta hana maelekezo yoyote juu ya jambo hili, na hiyo unaweza kwenda nayo kwa mbunge, kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, kwa chama cha watu wenye ualbino, kwa padri au shehe wako. Sheria tunazo tayari, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kwa mfano ina vifungu vya maneno ya kibaguzi mtandaoni, Kanuni ya Adhabu inagusa maneno ya makusudi ya kuumiza hisia za dini za mtu. Sheria inasema kosa ni nini, ila namna ya kumsikiliza mama aliyesimama kaunta inatoka kwenye mwongozo.

Na hapa Arusha tuna sababu ya ziada. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko mjini kwetu, na Februari 2025 ilitoa hukumu kwenye kesi kuhusu watu wenye ualbino Tanzania, ikaona kuna haki zao zilizovunjwa. Upande wa Moshi, hospitali ya KCMC inatengeneza mafuta ya kuzuia jua ya Kilisun na watu wenye ualbino wanatoka mbali kuja kliniki pale, yani wanapanda mabasi yetu, wanashuka stendi zetu, na wakipatwa na jambo njiani kituo watakachokimbilia ni cha kwetu. Kwahiyo kuuliza mwongozo unasemaje ni jambo la mtu yeyote anayekaa huku, sio lazima uwe na mtoto mwenye ualbino au uwe umewahi kubaguliwa.

Jibu la tatu ni kukataliwa, au kimya, ambacho ndo kinauma zaidi. Wakikataa wanatakiwa kukuambia sababu, na sheria inakupa siku 30 za kuomba mkuu wa taasisi apitie upya uamuzi ule, ukiwa bado hujaridhika unakwenda kwa Waziri. Kwa kimya, siku ya 31 andika barua fupi, taja tarehe ya muhuri, ambatanisha kopi ya barua ya kwanza, sema hujajibiwa na unaomba mapitio. Ukipata taarifa itumie kama ilivyo, usikate sentensi nusu ukasambaza kwenye magrupu ya wotsapu, kwa sababu kupotosha taarifa uliyopewa chini ya sheria hii ni kosa lenye kifungo. Ukitaka kushirikisha watu piga picha ukurasa mzima, na muhuri uonekane.