Je, wajua? Mvua ya asilimia 30 ikinyesha, utabiri haujakosea

Simu inaonyesha kiwingu na namba: mvua, asilimia 30. Anayeanika dagaa pale mwalo wa Igombe, Mwanza, anasoma namba hiyo, anaona iko chini ya nusu, anatandaza mzigo wake wote. Saa nane mchana mvua inamwagika. Jioni maneno ni yaleyale kila mara: watabiri wametudanganya tena.

Hawajadanganya. Kosa liko kwenye kusoma, na limeenea mno. Tumezoea kuichukulia asilimia 50 kama mpaka: ikiwa juu yake mvua ipo, ikiwa chini yake haipo. Lakini mpaka huo haumo kwenye namba, tumeuweka sisi wenyewe. Asilimia 30 ni uwezekano wa 0.3, na uwezekano wa tukio kutotokea ni 1 kutoa 0.3, yaani 0.7. Zote mbili zimesemwa kwa pamoja. Aliyekwambia 30 amekwambia pia kwamba mvua inaweza kunyesha, tena si kwa nadra.

Wengine hukosea kwa njia tofauti. Husoma asilimia 30 kuwa mvua itanyesha kwa asilimia 30 ya muda wa siku, au itafunika asilimia 30 ya eneo. Mwaka 2005 mwanasaikolojia Mjerumani Gerd Gigerenzer na wenzake walichapisha utafiti uliowauliza watu wa Amsterdam, Athens, Berlin, Milan na New York maana ya sentensi “kesho kuna uwezekano wa asilimia 30 wa mvua”. New York, ambako utabiri wa namna hii umezoeleka tangu miaka ya 1960, wengi walipata. Katika miji ya Ulaya, jibu sahihi ndilo lililoonekana halifai kabisa, na lililopendwa zaidi ni lile la muda. Kwa hiyo si suala la Mwanza, wala la nani kasoma hadi wapi.

Maana yenyewe ni hii. Chukua mfuko wenye gololi kumi, tatu nyekundu na saba nyeupe. Ingiza mkono bila kuchungulia, utoe moja. Imetoka nyekundu. Je, aliyekwambia kwamba mfukoni kuna nyekundu tatu kati ya kumi alikudanganya? Sentensi yake ilihusu mfuko, haikuhusu gololi iliyo mkononi mwako. Irudishe, tikisa, toa tena, endelea hivyo mara nyingi, na nyekundu zitakaribia theluthi moja pungufu kidogo. Siku ya kesho ni gololi moja tu. Utabiri unaeleza mfuko.

Na mfuko huo upo kweli, ndani ya kompyuta. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, ECMWF, hakitegemei hesabu moja ya kesho. Hupiga hesabu ya msingi, halafu nyingine 50 zinazoanza na tofauti ndogondogo za joto, upepo na unyevu, kwa sababu hakuna anayeijua hali ya sasa ya anga kwa ukamilifu. Kati ya hizo 50, zikitoa mvua 15, una asilimia 30. Mara nyingi namba hurekebishwa kidogo kabla ya kukufikia, lakini wazo ndilo hilo, na kwangu ni moja ya mambo mazuri kabisa ambayo hesabu ya kidato cha nne inaweza kukufungulia.

Ziwa Victoria linaongeza ugumu. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, upepo unatoka pande zote kuelekea ziwani, unakutana, unapanda juu na kuzaa radi. Ndiyo maana mvuvi wa dagaa aliye na taa zake saa tisa usiku hukutana na dhoruba ambayo mjini hawakuisikia. Mchana upepo hugeuka, ukatoka ziwani kuja nchi kavu. Basi kila saa na kila mahali pana mfuko wake. Wingu moja linaweza kulowesha Kirumba na kuiacha Nyegezi kavu, na hesabu za kompyuta hazioni vizuri kitu kidogo kiasi hicho.

Sasa siku tatu mfululizo, kila moja asilimia 30. Usijumlishe ukapata 90; siku ya nne ungefika 120, uwezekano usiokuwepo. Anza na ukavu: 0.7 mara 0.7 mara 0.7 ni 0.343. Uwezekano wa kupata mvua angalau siku moja ni 0.657, karibu theluthi mbili. Hapo tumechukulia kwamba siku hizo ni matukio huru, moja haigusi nyingine, na hali ya hewa haina adabu hiyo. Katikati ya masika, mvua ya leo huambatana na ya kesho, hivyo 0.657 ni makadirio tu.

Turudi kwa dagaa. Tuseme kufunika na kuanua kunakugharimu Sh 2,000 za kibarua, na mzigo ukilowa unapoteza Sh 20,000, kwa sababu dagaa walioharibika huishia kuwa chakula cha kuku. Zidisha 0.3 kwa 20,000: wastani wa hasara ni Sh 6,000. Inafaa kufunika. Kwa gharama hizo, mpaka wako wa kuchukua hatua ni 2,000 gawanya kwa 20,000, yaani asilimia 10, wala si 50. Mwenye kuanua nguo mbili tu kambani ana mpaka mwingine kabisa.

Utabiri wenyewe unapimika. Andika kwenye daftari kila siku uliyoambiwa 30, na kama ilinyesha pale ulipo. Ila usihukumu mapema. Hata kama mtabiri yuko sahihi kabisa na siku hizo ni huru, katika siku kumi za namna hiyo upo uwezekano wa asilimia 15 hivi kwamba itanyesha siku tano au zaidi, na karibu asilimia 3 kwamba haitanyesha hata moja. Daftari linahitaji siku nyingi zaidi, za vuli na za masika.