Bhakti: maana yake kwa washairi wa Pandharpur

Wengi hufasiri bhakti, neno la dini ya Kihindu, kuwa "ibada" au "ucha Mungu". Tafsiri hizo hazitoshi. Neno limetokana na mzizi wa Kisanskriti, bhaj, wenye maana ya kugawana, kushiriki, kuwa na fungu. Mwenye bhakti hasimami mbali akitetemeka; ana fungu lake kwa Mungu, kama mtu wa nyumbani.

Nyimbo za bhakti zilichipuka kusini mwa India, kwa Watamil, kati ya karne ya 6 na ya 9, zikaenea kaskazini. Nachagua Maharashtra, jimbo la magharibi mwa India, kwa sababu huko bhakti bado inakwenda kwa miguu. Kila Juni au Julai umati mkubwa hutoka miji ya Alandi na Dehu, ukatembea zaidi ya kilomita 200, wiki tatu hivi, hadi mji wa Pandharpur, hekaluni kwa Vithoba, mungu aliyesimama juu ya tofali, mikono kiunoni. Mahujaji hao huitwa varkari. Katika machela hubeba viatu vya heshima vya washairi wao, na njia nzima huimba tungo zao.

Tungo hizo ni abhang, maana yake "isiyokatika". Ni za Kimarathi, lugha ya sokoni na jikoni, si Kisanskriti cha makuhani. Mtungaji huitwa sant. Nasita kumwita "mtakatifu", kwa kuwa hakuna baraza lililomtangaza. Waimbaji ndio waliomtunza vinywani mwao. Namdev alitoka katika jamii ya washonaji nguo. Tukaram, wa karne ya 17, alikuwa na duka. Janabai alikuwa mtumishi nyumbani kwa Namdev, na katika nyimbo zake Vithoba anakuja kukaa naye kwenye jiwe la kusagia, wakasaga nafaka pamoja. Fungu ndilo hilo.

Anayenigusa kuliko wote ni Chokhamela, wa karne ya 14. Alikuwa Mmahar, jamii iliyohesabiwa najisi, hivyo hekaluni hakuingia. Aliimba akiwa nje, akimuuliza huyo huyo Vithoba aliyempenda: ni mwili upi uliozaliwa bila uchafu? Kumbukumbu ya kaburi lake iko chini ya ngazi za lango la hekalu. Watu wa jamii yake walifunguliwa lango hilo mwaka 1947, baada ya mwalimu Sane Guruji kugoma kula. Nyimbo za Chokhamela zilikuwa zikiimbwa Pandharpur miaka yote hiyo.