Kwa nini kamera ya nyumbani unaiona ukiwa sebuleni, ukivuka feri inagoma?

Khalati wangu anakaa Mtongwe, hapa Mombasa, na duka lake la nguo liko Kongowea, kwa hiyo kila siku ya Mungu lazima avuke feri. Juzi juzi akawekewa kamera nne na DVR yake, kile kisanduku cha kurekodi picha, akiwa nyumbani picha safi mpaka unaona paka akitembea juu ya ukuta, lakini akifika Kongowea akifungua apu ni kile kiduara tu kinazunguka. Fundi kaitwa mara mbili, kalipwa mara mbili, kasema shida ni poti fowadingi na tayari ameiweka, na bado hakuna kitu. Khalati akanipigia, "Mwanangu, kamera ya kunionyesha nyumbani nikiwa nyumbani ni ya nini, si macho ninayo?"

Swali lake ni la haki kabisa, na jibu lake watu wengi hawaelezwi.

Iko hivi. Ndani ya nyumba kila kifaa kina anwani yake ya IP, simu, tivii, DVR, na mara nyingi zinaanza na 192.168. Hizo anwani ni za ndani peke yake, jirani yako pia anazo zile zile na huko nje kwenye intaneti hazijulikani. Nyumba nzima inatoka nje kwa anwani moja tu, ile ya rauta, kifaa kinachogawa intaneti nyumbani. Sasa ichukue rauta kama soja wa getini mwenye daftari. Wewe ukimtuma mtoto dukani, soja anaandika, mtoto akirudi na mkate anampisha kwa sababu alimuona akitoka. Lakini akija mtu kutoka nje anagonga tu na hakuna aliyemuita, soja afanyeje? Hajui huyu ni mgeni wa chumba gani, anamfungia. Simu ya khalati ikiwa Kongowea ndiyo huyo mgeni asiyeandikwa daftarini. Ikiwa sebuleni kwa WiFi ishaingia ndani tayari, haipiti kwa soja, ndio maana picha yaja.

Poti fowadingi basi ni kumpa soja maagizo. Poti ni kama namba ya mlango, ziko mpaka 65535, na kwenye ukurasa wa rauta unaandika kwamba anayegonga mlango fulani kutoka nje mpeleke kwa DVR, anwani yake hii, mlango wake huu. Ni hilo tu. Rauta zingine wanaita vachuali seva lakini kazi ni ile ile.

Sasa mbona huwa inafanya kazi leo, kesho imekufa? Hapa kwetu ukitaka kujua angalia stima. Stima zikipotea zikirudi, rauta na DVR zinawaka upya, na DVR yaweza kupewa anwani nyingine ya ndani, jana ilikuwa 192.168.1.64 leo ni 192.168.1.70, na soja bado anawapeleka wageni kwa chumba cha zamani. Kwa hiyo kabla ya yote ifunge DVR kwa anwani moja isiyobadilika. Na ile anwani ya nje nayo yaweza kubadilika rauta ikiwaka upya, dawa yake ni huduma ya DDNS, yaani unapewa jina na hilo jina linaifuata anwani kila inapohama. Na ukijaribu, zima WiFi ya simu utumie bando, maana rauta nyingi ukigonga anwani ya nje huku uko ndani hazikurudishi, utadhani umekosea na hujakosea.

Haya, Jumapili nikaenda Mtongwe. Nikafungua rauta, nikaangalia kazi ya fundi, na kusema kweli kaweka kila kitu sawasawa. Nikashuka chini kidogo pale panapoonyesha anwani ya nje ya rauta, nikaona inaanza na 100.72. Nikafungua tovuti ya kuonyesha IP kwa simu, kwa WiFi ile ile, ikaja namba nyingine kabisa. Hapo nikajua.

Anwani za IPv4, yaani hizi hizi za namba nne zenye nukta, duniani ni kama bilioni 4.3 tu, na Februari 2011 mafungu ya mwisho ya akiba kuu yakagawiwa. Watu wanazidi, anwani zimeisha, kwa hiyo kampuni za intaneti zinaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, inaitwa CGNAT, na mwaka 2012 zikatengewa namba zao maalum kuanzia 100.64 mpaka 100.127. Yaani mbele ya geti lako kuna geti lingine kubwa la mtaa mzima, na soja wa pale si wako na hapokei maagizo yako. Umpange soja wako mpaka ulale, mgeni hafiki kwake. Mimi naona kila fundi angeangalia hizo namba mbili kabla hajachukua hata shilingi ya mtu, ni kazi ya dakika mbili. Zikitofautiana, ama uombe kampuni anwani yako mwenyewe ya nje, na mara nyingi utailipia, ama utafute njia nyingine.

Na hata ukiwa na anwani yako usikimbilie kufungua, hili naomba ulitie maanani. Mlango uliofunguliwa kwa ajili yako umefunguliwa kwa dunia nzima. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa programu ya ZMap ambayo kompyuta moja yenye laini nzuri yaweza kugonga poti moja kwenye anwani zote za IPv4 chini ya dakika 45, kuna siku tumengoja feri zaidi ya hapo. Mwaka 2016 kirusi kinaitwa Mirai kiliingia kwenye kamera na DVR chungu nzima kwa kujaribu tu majina na nywila za kiwandani, kama 60 hivi, halafu zile zile kamera Oktoba 21 zikatumika kuishambulia kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikisaidia majina ya tovuti kupatikana, mpaka Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi. Wenye kamera hata hawakujua.

DVR ya khalati nywila yake ilikuwa 123456.

Nikaibadilisha, nikafuta poti zote alizofungua fundi, nikasasisha programu ya DVR, nikawasha P2P. Kwa P2P, DVR yenyewe ndiyo inatoka nje kwenda kwa seva, yaani kompyuta, ya walioitengeneza, na simu inaifuata huko huko, kwa hiyo soja wote wawili wanaona mtu wao katoka na karudi, hawana neno. Ubaya wake ni kwamba unaiamini ile seva ya watu na kamera za nyumba yako, ndio maana ukiwa na anwani yako mwenyewe ya nje mimi ningekushauri VPN kwenye rauta, yaani njia ya siri ya kuingia mtandao wa nyumbani kutoka nje, unafungua mlango mmoja wenye ufunguo wa maana na kamera zinabaki ndani.

Jumatatu saa kumi hivi khalati akanitumia skrinshoti kutoka Kongowea, mwanawe wa mwisho yuko mlangoni na mkoba wa madrasa, anavua viatu.