Ganzi ya Mkono Katika Msafara wa Baiskeli wa Hisani

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Dodoma, na wengi wanaonijia kabla ya kushiriki misafara ya baiskeli ya hisani huniuliza kuhusu miguu tu. Miguu ya mtu aliyejizoeza kwa miezi miwili au mitatu kwa kawaida haimwangushi. Kinachomwangusha ni pale anapogusana na baiskeli, yaani makalio, nyayo na viganja, na zaidi ya hapo ni ukimya wake, kwa kuwa mtu aliyeahidiwa mchango kwa kila kilomita huona haya kusema kwamba anaumia.

Niliyaona hayo kwa karibu mwezi Agosti, tulipoendesha kutoka Singida hadi Dodoma, takribani kilomita 240, tukichangisha fedha za viti mwendo vya watoto. Tulikuwa waendeshaji tisa na gari moja la huduma, na tulipanga kulala Manyoni na Bahi. Wakati huo wa kiangazi upepo huvuma kutoka mashariki, hivyo anayekuja Dodoma huupokea usoni. Tulikwenda kwa mstari mmoja, wa mbele akiukata upepo kwa dakika chache kisha akirudi nyuma kabisa. Aliye katikati ya mstari hutumia nguvu kidogo kuliko aliye mbele, ila hana uhuru wa kunyoosha mgongo au kubadili mshiko apendavyo, maana vidole lazima vikae karibu na breki muda wote. (Siku hiyo ya kwanza, iliyokuwa ndefu kuliko zote, tulichelewa kuondoka kwa sababu ya kuku wa Singida, na sijutii sana.)

Jioni, Manyoni, nilimwona kijana mmoja wa timu, mwalimu, akihangaika kumenya yai la kuchemsha hadi akaamua kutumia meno. Nilipomuuliza mkono una nini, akajibu, “Hamna kitu, dada, umechoka tu.” Nikamwomba anyooshe vidole, nikaweka kipande cha karatasi kati ya kidole cha mwisho na cha pete, nikamwambia akibane nami nikakivuta. Kilitoka bila ubishi wowote. Ndipo akakiri kwamba vidole hivyo viwili vilikuwa vimekufa ganzi tangu mchana.

Neva, yaani mshipa wa fahamu, inayohusika hapo huitwa alna. Hupita nyuma ya kiwiko, ikashuka upande wa ndani wa mkono, kisha ikaingia kiganjani kwa njia nyembamba kando ya kifupa kidogo kilicho chini ya kidole cha mwisho, mahali ambapo haina nyama nyingi ya kuikinga. Kiganja kikiegemea usukani saa nyingi, neva hubanwa. Ganzi inayoondoka mara unapobadili mshiko si jambo la kutisha, lakini vidole vinapokosa nguvu, kuendelea kuendesha ni kuikandamiza neva iliyokwisha kuumia.

Kwa kijana huyu chanzo kilikuwa siti. Kuna mtu alimshauri ainamishe ncha ya mbele ya siti ili makalio yapumzike, na matokeo yake alikuwa akiteleza mbele kutwa nzima na kujizuia kwa viganja. Tuliazima pimamaji kwa fundi aliyekuwa akijenga jirani na gesti yetu, tukailaza siti sawasawa na kupandisha usukani kwa sentimita mbili. Kazi hiyo ya robo saa ilipaswa kufanyika nyumbani, wiki kadhaa kabla ya safari.

Asubuhi nilimkatalia kuendesha. Baada ya Manyoni barabara huteremka ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Kintinku, ikiwa na malori, na mkono usioweza kubana karatasi siwezi kuuamini kwenye breki. Alikasirika kweli. “Dada, hizo kilomita watu wamezilipia,” alisema, na nilielewa kwamba kosa lilikuwa letu tuliopanga michango ihesabiwe kwa mtu mmoja mmoja, kana kwamba tunanunua uvumilivu wake kwa kipimo. Tuliwapigia simu wachangiaji kabla ya kuondoka, tukawaomba ahadi zote zihesabiwe kwa umbali wa timu, na hakuna aliyepinga. Yeye akapanda gari, akawa mjazaji wetu wa chupa za maji hadi mwisho wa safari. Nguvu za vidole zilimrudia baada ya wiki tatu hivi.

Jioni ile Bahi nilimkabidhi kile kipande cha karatasi awapime wenzake mmoja baada ya mwingine, na wote saba walikibana vizuri. Kisha akanigeukia mimi. Mkono wa kulia ulikishika. Wa kushoto, ambao nilikuwa nikiukung’uta kimyakimya tangu Kintinku, ulikiachia mara tu alipokivuta.

“Dada,” akasema, “kesho tutakaa wote kwenye gari.”