Je, wajua kwa nini darasa linalorushwa kutoka Paris ni gumu kuzimwa Kabul?

Tangu Septemba 2021 wasichana wa Afghanistan hawaruhusiwi kusoma zaidi ya darasa la sita. Desemba 2022 wanawake walifungiwa vyuo vikuu, na miaka miwili baadaye hata mafunzo ya ukunga. Hata hivyo, masomo ya darasa la 7 hadi la 12, kwa Kidari na Kipashto, bado yanaingia majumbani. Yanatoka Paris, ambako Begum TV ilianza kurusha matangazo kwa setilaiti Machi 2024. Mwanzilishi wake, mwanahabari Hamida Aman, alikuwa ameshaanzisha Radio Begum mjini Kabul tarehe 8 Machi 2021, miezi mitano kabla ya Taliban kurudi madarakani.

Wengi hudhani kuna siri fulani: mawimbi yamefichwa, au msichana amepewa kifaa maalumu, au wakubwa hawajui kinachoendelea. Hakuna siri. Chaneli ni ya bure, haina kadi wala malipo ya mwezi, na ofisa wa wizara mwenye dishi anaweza kuitazama akinywa chai yake. Wapo pia wanaodhani kinyume chake, kwamba kila anayetazama huacha alama kama anavyoacha anayefungua tovuti. Hilo nalo si kweli, na limewatia hofu bure watu ambao hatari yao iko kwingine kabisa.

Fikiria adhana. Muadhini hupaza sauti ikafika mtaa mzima, ila haimrudishii habari yoyote: hajui nani ameisikia, nani amelala, nani amefunga dirisha. Setilaiti nayo huadhini vivyo hivyo, ila mnara wake uko kilomita 35,786 juu ya ikweta na mtaa wake ni nchi kadhaa kwa mpigo. Picha hupanda kutoka Ulaya, huteremka, na safari nzima huchukua kama robo sekunde. Dishi la nyumbani hupokea tu. Halitumi kitu, kwa hiyo hakuna orodha ya watazamaji ambayo mtu angeweza kuidai. Intaneti hufanya kazi tofauti: simu lazima iombe kila ukurasa, na ombi hilo hupita kwa kampuni iliyoko nchini. Ndiyo maana mwisho wa Septemba 2025 Taliban waliweza kuizima intaneti ya nchi nzima kwa takriban saa 48.

Kuvuruga setilaiti kunawezekana, ila kuna gharama. Ukirusha kelele, yaani mawimbi ya kuvuruga, kuelekea setilaiti yenyewe, unaharibu pia chaneli nyingine zinazotumia njia hiyo hiyo, na chanzo cha kelele kinaweza kutafutwa kikajulikana. Iran ililaumiwa kimataifa kwa mchezo huo zaidi ya miaka kumi iliyopita. Ukirusha kelele kutoka mtaani, unaziba eneo dogo tu na itabidi uweke mitambo mingi mji mzima. Katika utawala wao wa kwanza, 1996 hadi 2001, Taliban walichagua njia rahisi zaidi: kuvunja televisheni na kutundika kanda zilizochanwa kwenye nguzo.

Kinachokatika kwa urahisi, basi, ni upande wa ardhini. Tarehe 4 Februari 2025 maofisa walivamia ofisi za Radio Begum Kabul, wakawashikilia wafanyakazi wawili wa kiume na kusimamisha matangazo. Miongoni mwa tuhuma: kuipa maudhui televisheni iliyoko nje ya nchi. Kusimamishwa huko kuliondolewa tarehe 22 mwezi huo huo. Redio ya FM ina mnara, leseni na anwani. Vyote vitatu vinaweza kushikwa.

Dishi lina matatizo yake, ya kifundi zaidi. Kabul iko kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo dishi hutazama upande wa kusini. La Kampala, kwa setilaiti iliyo juu ya Afrika Mashariki, hutazama karibu juu moja kwa moja. Kwa dishi la sentimita 80, kosa la nyuzi mbili linatosha kupoteza chaneli, na upepo wa usiku mmoja unaweza kulisogeza hivyo. Theluji mbichi ikiganda juu yake au juu ya LNB, kile kifaa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi, picha huvunjika vipande. Umeme nao hukatika mara kwa mara, kwani mwingi hununuliwa nchi jirani. King'amuzi cha volti 12 kinaweza kuendeshwa kwa betri na paneli ya sola, mradi televisheni nayo isile umeme mwingi.

Familia zilizofurushwa hazina hata paa la kufungia dishi. Mwaka 2025 zaidi ya Waafghani milioni moja walirudi kutoka Iran, wengi kupitia kivuko cha Islam Qala mkoani Herat, wakiwemo wanawake wasio na maharimu, yaani ndugu wa kiume wa karibu, katika nchi inayodai wawe naye safarini. Kwao redio ndogo ya betri ina maana kuliko setilaiti.

Habari za watu hao lazima zitoke nje, na huko ndiko hatari ilipo, maana mawasiliano hayo yanaacha alama. Vyombo kama Rukhshana Media, iliyoanzishwa na Zahra Joya mwaka 2020, na Zan Times ya Zahra Nader vina waandishi ndani ya nchi wanaotumia majina ya kubuni. Jina peke yake halitoshi kumficha mtu. Ukiandika "mkunga" na ukataja kijiji chenye mkunga mmoja, umeshamtaja. Afadhali kuishia kwenye mkoa. Picha ya simu inaweza kubeba saa na mahali ilipopigwa, na mlima unaoonekana dirishani husema zaidi ya hapo.

Adhana ile ile inayomlinda mtazamaji humnyima mtangazaji hesabu. Begum TV haiwezi kuhesabu madishi yaliyoelekezwa kwake. Utafiti wa kupiga simu hausaidii sana, kwa kuwa anayeipokea mara nyingi ni mwanamume wa nyumba, na mwanamke anayeulizwa kama anafuata masomo ya televisheni ana kila sababu ya kujibu kuwa nyumbani kwake hakuna dishi.